Foveti Yafufuka Shanwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku njema kabisa. Foveti imefufuka!

Si yangu. Yangu bado imekaa uani hapa Shanwe, na kuku ndani. Lakini nimesoma kwenye simu, katika habari za magari, kwamba kiwanda chake cha kule Ulaya kimelirudisha jina. Foveti mpya! Ya umeme. Imenyanyuliwa juu. Aina hiyo wanaiita krosova, yaani gari dogo lililosimama kwa vidole ili lionekane kubwa. Macho yale yale ya duara. Mwandishi anasema jina lenyewe lina thamani kubwa kuliko mota. Niliposoma hapo nikasimama.

Maana tufikiri. Wao walibaki na jina, gari hawana, ikabidi watengeneze. Mimi ninavyo vyote viwili. Foveti ya marehemu baba, iliyotutoa Burundi mwaka 1972, watoto tumepangwa kama magunia, mama amepakata sufuria ya maharage iliyotoka motoni sasa hivi. Ilipomchoma akaiweka sakafuni. Duara jeusi lipo mpaka leo, nyuma ya kiti cha dereva. Tuliambiwa tunakwenda kwa wiki chache. Tukafika Katumba, makazi ya wakimbizi, gari likatumika mpaka mota ikachoka, nami nilipostaafu ualimu nikalivuta hadi hapa kwa trekta la kukodi.

Nimemweleza binti yangu Candide kwamba tumekalia utajiri. Amejibu kwamba anachokiona yeye ni banda la kuku linalomzuia kujenga jiko la biashara yake ya chakula, na kwamba Silvesta wa skrepa ameshaliulizia. Nimemwonea huruma. Hana jicho la historia.

Jumatano, 6 Agosti

Cyriaque amepiga simu.

Huyu ni katekista mstaafu wa Magamba. Tulisoma darasa moja Katumba. Mgeni rasmi alipokuja shuleni, shairi la kumkaribisha nililiandika mimi, akalisoma yeye. Alipigiwa makofi marefu. Sijasahau. Na kwa kuwa dunia haina haya, mjukuu wangu Egide, mtoto wa Candide, amempenda Emelyne, mjukuu wa Cyriaque. Kati ya wasichana wote wa Katavi!

Posa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Msemaji wa upande wetu ni mimi, wa upande wao ni yeye. Cyriaque alisalimia vizuri, akauliza afya, akauliza mvua, kisha akauliza kama nitakuja kwa miguu au kwa lile banda la kuku. Akasema familia isiyoweza kubeba mzee wake itambebaje bibi harusi. Akasema kama hatutaonyesha kuwa tumejipanga, harusi itasubiri mavuno ya mwakani, na mwakani ni mbali, wasichana wazuri huwa wanaposwa tena.

Egide alikuwa karibu, akasikia. Hakula chakula cha mchana.

Nikamjibu Cyriaque kwa utulivu kwamba nitakuja na Foveti. Mpya. Krosova. Ya umeme. Nikakata simu kabla hajacheka. Mwanzo wa kicheko niliusikia.

Candide amenishika neno. Gari likifika Magamba kwa nguvu zake lenyewe siku ya posa, litabaki uani maisha yangu yote. Lisipofika, Silvesta anakuja Jumatatu na gesi yake ya kukatia vyuma. Tumepeana mikono. Masikini mwanangu, hajui ameshindana na nani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wako kwenye maonyesho. Mimi na fundi Anselmo tuko chini ya Foveti.

Anselmo ana mota ya guta la umeme lililogonga mti, na betri zake. Ameziangalia, akaniangalia mimi, akaangalia gari. Akasema, "Mwalimu, itavuta. Kukimbia sijasema." Nimemwambia sijaomba mbio, nimeomba heshima.

Kuku wamehamishwa. Mmoja amerudi kutagia kwenye usukani. Candide amesema huyo ndiye pekee mwenye akili humu ndani.

Jumatatu, 11 Agosti

Gari limenyanyuliwa. Springi za mkokoteni wa ng'ombe, matairi ya pikapu, paneli ya sola juu ya paa. Sasa kuingia napanda kwa stuli. Krosova kamili! Kule Ulaya wamehitaji wahandisi wengi na miaka. Sisi tumehitaji Anselmo na siku za sikukuu.

Nimeipaka rangi mwenyewe. Bluu ya mbele imetofautiana kidogo na bluu ya nyuma. Anselmo anasema ndiyo mtindo.

Duara la sufuria sijalipaka.

Jumanne, 12 Agosti

Majaribio. Mafanikio makubwa na lawama kidogo.

Imetembea! Kutoka uani hadi barabara ya sokoni, na mimi ndani, mkono mmoja nje ya dirisha kama baba alivyokuwa akifanya. Haina mlio wowote. Hata mimi nilidhani haijaondoka, mpaka nilipoona mwembe wa jirani unarudi nyuma.

Tatizo ni huo ukimya. Odeta, mama muuza vitumbua wa kona ya kwetu, alikuwa ameinama kwenye karai, mgongo barabarani. Hakusikia kitu. Alipoinuka akakuta macho mawili ya duara yanamtazama usawa wa kifua. Vitumbua vilikwenda juu. Vingi vilirudi chini, vichache vimeingia Foveti. Odeta amesema maneno ambayo mama wa kwaya hapaswi kuyajua. Amesema hata nyoka huwa anapiga kelele kwenye majani, "wewe mzee unakuja kama dhambi!"

Vitumbua ni vizuri sana.

Jumatano, 13 Agosti

Mwenyekiti wa mtaa amekuja na Odeta. Uamuzi: gari lisitoke tena bila kutoa sauti.

Anselmo amefunga honi. Nikaipiga. Honi ikalia vizuri sana na gari likasimama. Nikaacha honi, gari likatembea. Nikapiga honi, likasimama. Anselmo ameeleza kwamba betri zimechoka, haziwezi kupiga kelele na kutembea kwa wakati mmoja. Nimewahi kufundisha watoto wa namna hiyo.

Egide akashauri aende mtu mbele anapiga filimbi. Nimekataa. Siendi kwa Cyriaque nikitanguliwa na mtu wa filimbi kama treni iliyopotea.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata! Wazo limekuja lenyewe saa kumi jioni, likitembea kwa miguu minne.

Ng'washi, jirani yetu Msukuma, alikuwa anarudisha ng'ombe wake. Mbele anatangulia Kabula, ng'ombe jike mzee mwenye pembe pana, na shingoni ana kengele. Sauti nzito, safi, inasikika kutoka mbali. Haitumii betri. Nikatoka nikaiazima palepale.

Ng'washi alisita sana. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza kuhusu sheria za usalama barabarani. Akaguna. Mwishoni akaifungua shingoni mwa Kabula, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Kisha akasema, "Mwalimu, ukishaifunga kwenye gari lako, usipite lamboni saa za kunywesha. Umesikia?"

Nimesikia. Lambo liko kando ya barabara ya Magamba na wao hunywesha mchana. Sikuuliza sababu. Imani zao za maji, nadhani. Kila kabila lina mambo yake na mimi ni mtu wa kuheshimu.

Kengele imefungwa chini ya bampa. Gari likitikisika, inalia. Na gari linatikisika wakati wote. Akili!

Ijumaa, 15 Agosti

Mapumziko na mazoezi ya hotuba.

Utaratibu wa kesho: mimi natangulia na Foveti peke yangu, maana Anselmo amesema itabeba mwalimu na fimbo yake, basi. Candide, Egide na wajomba wanafuata nyuma kwa Noah ya kukodi. Kuhusu ng'ombe wa mahari, tulishaelewana kwa simu kwamba atakuja mmoja baadaye, tukijaliwa. Cyriaque alisema "tukijaliwa" kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Egide ameniuliza kama nina hakika. Kijana mzuri, amepungua hadi kola ya shati inamzunguka. Nimemwambia baba yangu alivuka mpaka na gari hili usiku bila taa. Magamba ni mchana na barabara ipo.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na ushindi: nimefika.

Tuliondoka tukiwa tumechelewa, wajomba wakitafuta tai. Kwa hiyo lamboni tulipita saa saba mchana. Nilikumbuka neno la Ng'washi. Lakini nimebatizwa, nikaendelea.

Foveti ilikwenda vizuri. Mwendo wa heshima. Kengele inalia, vumbi linapanda. Kioo cha kutazama nyuma sina, kilianguka zamani Katumba. Baada ya lambo nikaanza kusikia nyayo. Nyingi. Nikajua watu wameanza kutufuata. Nikatoa mkono nje nikawapungia. Kitu kikaulamba.

Nikafikiri ni mtoto mwenye furaha.

Kwa Cyriaque kulikuwa na turubai, viti, na mtungi wa pombe ya mtama umesimamishwa na mirija yake, kama kwetu zamani. Nikaingia getini. Wakinamama wakapiga vigelegele ambavyo sijavisikia tangu ujana wangu. Wanaume wakasimama. Cyriaque mwenyewe akavua kofia. Nikasema moyoni, kumbe hata yeye analijua jina la Foveti!

Nikashuka kwa stuli. Nikageuka. Bega kwa bega na mimi alikuwa Kabula. Nyuma yake kundi zima la Ng'washi, wamejaa uwanja, wanatafuna mapambo. Na mbali kule barabarani, nyuma ya mikia yote, Noah ikipiga honi.

Sasa nieleze kwa ajili ya wajukuu watakaosoma. Kwetu Warundi, ukija kuposa na ng'ombe nyuma yako, umeshasema kila kitu. Hakuna hotuba inayozidi hapo. Na mwenye nyumba akishamshukuru ng'ombe mbele ya watu, ng'ombe huyo harudi alikotoka. Kumrudisha ni kuvunja ndoa kabla haijafungwa.

Cyriaque akaja, akaweka mkono mgongoni mwa Kabula, akaanza kumsifu kwa Kirundi. Kirundi chenyewe, cha wazee, ambacho vijana hawa hawakijui tena. Akazisifu pembe zake, akasifu mwendo wake, akasifu malisho alikotoka. Nami nilikuwa nimesimama pale na hotuba yangu mfukoni, nikawaona wazee wetu wote wamekaa kwenye nyasi za kule Burundi. Shairi la mgeni rasmi sikulikumbuka kwa dakika nzima.

Kisha akatangaza kwamba alikosea kunidhani maskini wa adabu. Matangazo ya ndoa yasomwe kanisani kuanzia kesho, Jumapili tatu, harusi mwezi wa tisa. Emelyne akafunika uso kwa kanga. Egide, aliyekuwa amefika akikimbia kwa miguu, akafunika uso kwa mikono. Yeye alikuwa anawajua wale ng'ombe.

Ndipo ikafika bodaboda. Nyuma yake Ng'washi, na fimbo.

Sikutetereka. Nikawatangazia watu kwamba huyu ni mtaalamu wetu wa mifugo. Nikamvuta nyuma ya Foveti. Ng'washi akasema, "Mwalimu. Nilikwambia saa za kunywesha. Kengele ile ndiyo mama yao. Inakokwenda ndiko wanakokwenda." Nikamuuliza kwa nini hakunieleza hivyo. Akasema alidhani mtu aliyesoma anajua kengele ya ng'ombe ni ya nini.

Nikamweleza jambo la kushukuru, kwamba Kabula sasa ni wa Cyriaque kwa mila, na kwamba tukisema kinyume, kijana wetu hana mke. Ng'washi akasema kwao ng'ombe hashukuriwi, anahesabiwa. Egide alikuwa amesogea, akamshika mzee Ng'washi mkono.

Ng'washi akamtazama kijana. Akamtazama Kabula, ambaye alikuwa ameegemea Foveti na kuilamba bluu ya mbele. Akauliza, "Inakula mafuta?" Nikasema haili. "Inapiga kelele?" Hapana. "Mwendo wake?" Nikasema wa heshima. Akasema ameuona, ni wa ng'ombe. Akatazama kivuli kilichomo ndani, kiti, dirisha. Miaka yote hiyo, akasema, ametembea mbele ya ng'ombe juani, magoti yamekwisha.

Akataka Foveti. Yeye atamwacha kwa Cyriaque mtamba aliyezaliwa na Kabula.

Nilimtazama Egide. Nikasema ndiyo. Ilitoka haraka kuliko nilivyokusudia.

Ikabaki kuwaeleza wenyeji kwa nini mmoja anabaki na wengine wanaondoka, akiwemo Kabula aliyesifiwa. Nikafungua mdomo, Ng'washi akanitangulia. Akasimama katikati na fimbo yake akasema, kwa sauti ya kuita ng'ombe, kwamba nyie watu wa Magamba msishangae: binti akiolewa mbali hatembei peke yake. Huyu mtamba ndiye bibi harusi. Huyu Kabula ni mama yake, wale ni mashangazi. Wamemsindikiza, wamepokewa vizuri, wamesifiwa, wamekula hata maua. Sasa wanaomba ruhusa.

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Cyriaque akafikiri kidogo, akajibu kwamba kumbe leo wao wanatoa binti na sisi tunatoa binti, tumetoshana nguvu, ila mama mkwe asisahau kuja kusalimia. Mirija ikainamishwa.

Nilirudi kwa Noah, katikati ya wajomba. Mbele yetu njia nzima ilikwenda Foveti, Ng'washi ndani, mkono nje ya dirisha.

Jumapili, 17 Agosti

Candide anasema tumetoka sare: gari limefika Magamba, na gari halipo uani. Sikubali. Nimeshinda.

Nimekwenda kwa Ng'washi kumkabidhi ufunguo wa akiba na kumweleza breki, ambayo ni suala la maombi. Nikamwonyesha na lile duara jeusi, nikamsimulia la mama na maharage. Akachukua kibuyu chake cha maziwa akakiweka hapo sakafuni. Kimeenea sawasawa. Akasema kitakuwa kinakaa hapo.

Nilitazama milima kwa muda. Kulikuwa na vumbi.

Jumatatu, 8 Septemba

Harusi ya juzi ilipendeza. Emelyne ananiita Babu na anaamini mimi ni tajiri. Sijamsahihisha.

Jiko la Candide limeshaanza kusimama pale pale Foveti ilipokuwa. Bati bado, lakini unga umeshaingia.

Na habari mpya kutoka Ulaya! Kiwanda kimetangaza kwamba Foveti yao ilikuwa kimya mno, kwa hiyo wameifungia sauti ya bandia ili waenda kwa miguu waisikie. Wamechelewa! Wazo lilitoka Shanwe. Nimegundua basi kwamba kosa langu halikuwa kengele. Kosa lilikuwa kuwa na kengele moja.

Kila jioni Foveti inapita hapa mbele, ng'ombe nyuma. Ng'washi ananipungia kwa mkono wa baba yangu. Nimefikiri wiki tatu. Ng'ombe wanafuata kengele. Ng'washi hawezi kuwaacha ng'ombe. Na Ng'washi sasa hatembei, yumo ndani ya gari. Kwa hiyo, kwa hesabu rahisi, anayepiga kengele ndiye anayeiendesha Foveti! Nimekwenda kwa mhunzi yule yule aliyeifua ya kwanza, nimeagiza nyingine ya sauti ile ile, kubwa zaidi. Nimeichukua mchana huu.

Saa kumi na mbili jioni. Nimesimama uani, nikaitikisa. Kidogo tu.

Mafanikio kamili! Foveti imerudi nyumbani. Imeegeshwa karibu kabisa na mahali pake pa zamani, betri zimeisha, haiwezi kuondoka mpaka jua la kesho liwe kali. Ng'washi yumo ndani, amekumbatia kibuyu. Anachosema hakiandikiki. Candide naye yuko jikoni kwake, ananiita kwa jina langu la ubatizo, Libérat, Libérat, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Kabula na mashangazi wamefika kwenye unga.

Kesho nitatafuta kengele ya kuwatoa.